Fokasi Haipo Mahali Pake

Barua ya benki ya picha iliingia nikiwa nimesimama juu ya kiti, nimevaa gauni la mteja, Mama kapiga magoti chini anapima upindo na pini zimemjaa mdomoni. Simu ikatetema mezani. Jamani, kuna habari mtu huzijua kabla hajazisoma.

"Soma," Mama akasema katikati ya pini.

"Nitasoma baadaye."

"Soma sasa hivi, nimekushika mguu. Usije ukakimbilia chooni kulia na gauni la watu."

Nikainama nikaichukua. Walishukuru, kama kawaida yao. Wakasema wameshindwa kupokea picha zetu kwa sababu ya ubora wa kiufundi. Wakataja kosa: fokasi haipo mahali pake, yaani picha haiko wazi pale panapotakiwa. Chini kabisa waliongeza jambo ambalo mara zile mbili za mwanzo halikuwepo, kwamba mzigo mwingine ukirudi, mlango unafungwa kwetu mwaka mzima.

Mama akatema pini kiganjani, moja moja.

"Nguo ikirudi mara ya kwanza, mteja ana kisirani. Ikirudi mara ya pili, labda kitambaa. Ikirudi mara ya tatu, mwanangu, ni fundi."

"Mama, ni lenzi."

"Na lenzi imeshikwa na nani?"

Mdogo wangu alikuwa kwenye meza ya pasi pale nyuma. Hakutia neno. Ndiyo maana nyumbani anaitwa Kimya. Mimi wananiita Pilipili, na sidhani kama kuna haja ya kueleza.

Mwanaume tunayemzungumzia hapa ni mpiga picha, mtaa mzima unamwita Flashi. Ni mrefu, bega moja limeshuka kidogo kwa kubeba begi la kamera tangu ujanani, na ana sauti ya chini inayokulazimisha usogee ili umsikie. Mimi nilisogea, nikakaa hukohuko. Nampenda, na sitafuni maneno. Nampenda mpaka nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nje, mguu wangu unaacha pedali ya cherehani wenyewe.

Mama hakumtaka. Si kwamba alimchukia, hapana. Mama ni fundi nguo, ana chumba kizima cha cherehani, na kwake mtu ni kazi yake. "Leo ana harusi ya kupiga, kesho hana," alikuwa akisema. "Siku watu wasiomjua, wasio na huruma naye hata kidogo, watakaposema kazi yake ni kazi, siku hiyo alete wakubwa wake tuzungumze. Kabla ya hapo asinizoee." Mama akitoa neno halirudi. Benki ya picha ndiyo ilikuwa watu hao wasio na huruma. Ni kampuni inayokusanya picha na kuwauzia wenye matangazo na magazeti: mpiga picha anaweka, mnunuzi anakuja kuchagua. Ukipokelewa pale, huhitaji tena kuimba sifa zako kwa mtu.

Kwa hiyo tulifanya kazi, mimi na yeye. Wanunuzi wanapenda picha za watu wakiwa kazini, na sisi chumba cha kazi tunacho. Yeye anapiga, mimi napigwa. Jioni mimi ndiye ninayekaa kwenye kompyuta nachagua, naandika maelezo, natuma. Yeye kompyuta hana subira nayo hata dakika. Mzigo wa kwanza ulirudi kwa sababu picha zilijaa chengachenga. Tulikuwa tumefunga mapazia tukitaka pawe na mahaba, kamera ikalazimika kuona gizani, ikaona mchanga. Tukahamia dirishani. Mzigo wa pili ukarudi kwa doa dogo lililokaa kona ileile ya kila picha, vumbi limeingia ndani ya kamera, na kwa sababu mimi kwa kiherehere changu nilizinoa picha kwenye kompyuta mpaka kingo za watu zikaota mstari mweupe. Vumbi akalisafisha. Kunoa nikaacha. Hata hivyo, katika kila mzigo, pamoja na hayo mengine, kulikuwa na hilo neno la fokasi, na sasa ndilo lilibaki peke yake.

Mwenzenu nilifanya kosa moja, nalo nalisema hapa mjue. Kila walipotaja fokasi, nilikuwa nafungua picha, naikuza, naenda moja kwa moja kwenye uso wangu. Kweli nilikuwa na ukungu kidogo, kama nimepakwa mafuta. Nikishahakikisha tabasamu limekaa vizuri na chunusi haionekani, nafunga. Mwanamke gani akifungua picha yake anaanza kukagua watu wengine?

"Ni lenzi, mpenzi," Flashi aliniambia. "Inakamata nyuma. Nakulenga wewe, yenyewe inachukua ukutani." Akaipeleka kwa fundi wa kamera. Fundi akasema lenzi ni nzima. "Fundi mwenyewe hajui," Flashi akasema, nami nikaitikia, tena kwa hasira, nikamtukana na yule fundi ambaye sijawahi kumwona.

Basi kesho yake asubuhi nilivaa viatu vyangu vya vita, nikaenda mwenyewe benki ya picha.

Dada wa mapokezi aliniuliza kama nina miadi. Nikamwambia nina hasira. Akanielekeza ghorofani.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa umri wa Mama, amekaa peke yake kwenye chumba ambacho sijawahi kuona mfano wake. Mapazia yamefungwa, kuta za kijivu, meza ya kijivu, hata blauzi aliyovaa ni ya kijivu. Mbele yake kioo kikubwa cha kompyuta kimezungushiwa ubao mweusi juu na pembeni, mwanga wa dirishani usikiguse.

"Wewe ndiye unayeandika fokasi haipo mahali pake?" nikamvaa hapohapo mlangoni.

Hakugeuka. "Kwenu hawaamkii?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Vuta kiti. Sasa gomba."

Ukishaambiwa ugombe, ugomvi unapungua ladha. Nikakaa. Nikamweleza akaunti yetu, nikamweleza lenzi, nikamwambia watu wanatafuta maisha na wao wamekaa gizani wanabonyeza kataa, kataa. Aliniacha nimalize. Kisha akafungua picha yetu ya kwanza.

Niliipenda sana picha ile. Nimekaa kwenye cherehani, kitambaa cha samawati kinateremka mapajani, natazama kamera kwa jicho ambalo Mama hajui kama ninalo.

"Nzuri," akasema.

"Sasa?"

"Hapo ilipo ni ndogo. Picha ikiwa ndogo kila mtu ni mzuri. Mnunuzi ataitaka kubwa, aibandike ukutani mwa duka." Akabonyeza, uso wangu ukajaa kioo kizima. "Hizi ni kope zako. Hesabu."

Nikasogea. "Haziwezekani. Zimeshikana."

"Zimekuwaje?"

"Kama pamba," nikasema kwa shida. "Lakini nimekwambia, mama, ni lenzi. Inakamata nyuma."

"Nani amekwambia?"

"Aliyepiga."

"Ni nani yako?"

"Mchumba wangu."

Hapo aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza. Akarudi kwenye kioo, akaishika picha akaivuta pembeni taratibu, bega langu likapita, cherehani ikapita, mpaka akafika nyuma kabisa ya chumba, kwenye meza ya pasi.

"Hesabu na hizi."

Alikuwa Kimya. Ameinamia pasi, hatazami kamera. Na kope zake, toba yarabi, ningeweza kuzihesabu zote. Niliona kijasho kwenye mdomo wa juu. Niliona uzi mwekundu umenasa kwenye nywele zake karibu na sikio.

"Si ndiyo hivyo," nikasema. "Imekamata nyuma. Si nimesema?"

"Lenzi inayokamata nyuma," mkaguzi akasema, "ina ugonjwa mmoja. Inakamata nyuma leo, kesho na keshokutwa, kwa kiasi kilekile. Ngoja."

Akafungua nyingine. Humo Kimya alikuwa mbele, karibu na kamera, anaokota kibweta cha vifungo sakafuni, nusu ya mwili iko nje ya picha. Mimi niko katikati, nimepambwa, nimewekwa dirishani. Akanikuza: ukungu. Akamkuza Kimya: niliona alama za vidole juu ya kibweta.

"Hapa yuko mbele," akasema. "Lenzi imepona?"

Nikasogeza kiti karibu.

Akafungua nyingine. Hii nilikuwa nimesimama karibu na kioo cha kupimia nguo. Kimya hakuwemo chumbani, alikuwa mlangoni, ila ameonekana ndani ya kioo, mdogo kama kidole. Mimi ukungu. Fremu ya kioo ukungu. Yule mdogo ndani ya kioo, hata tundu la hereni yake lilikuwa linaonekana.

"Mtu akiwa ndani ya kioo kamera haimpati kwa bahati," akasema. "Kamera inapenda kitu cha karibu, inapenda uso mkubwa. Kumpata huyu lazima uiambie. Lazima kidole kisogeze alama mpaka pale, kibonyeze, kisubiri. Nimekagua picha zenu zote. Yuko kushoto, yuko kulia, yuko nyuma, yuko mbele. Popote alipo, fokasi ipo. Ni nani huyu binti?"

"Mdogo wangu."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja."

Akavua miwani akaifuta kwa pindo la blauzi, kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Nimekaa chumba hiki miaka mingi," akasema. "Wenye mikono inayotetemeka nawajua. Wenye kamera mbovu nawajua. Huyu wako hana kosa la mkono. Ni mpiga picha mzuri sana. Niliandika fokasi haipo mahali pake kwa sababu nafasi ya kuandika mengine sina."

"Labda hajui," nikasema.

"Labda."

"Labda ni mazoea tu."

"Labda. Mimi si mshenga, mimi mkaguzi." Akavaa miwani. "Nisikufiche kitu. Mna nafasi moja imebaki. Kamera yake ni kubwa, picha ukiikata nusu bado inatosha kuuzwa. Ukijitoa wewe ukamwacha huyo, nazipitisha zote leo hii."

"Nijitoe mimi?"

"Wewe ndiye unayekataliwa humu, mwanangu. Picha haina neno."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya ningempiga.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipita studio kwa Flashi, chumba kimoja chenye pazia jeupe na feni isiyozunguka vizuri. Nilimkuta anafuta kamera. Aliponiona akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, na moyo wangu, mpumbavu yule, ukaruka vilevile kama jana.

"Mbona umevaa viatu vya vita? Nani kafa?"

"Hajafa mtu." Nikakaa kwenye kiti cha wateja. "Nina swali. Ukinipiga picha unatazama wapi?"

"Machoni mwako. Kwani mtu atazame wapi tena?"

"Hasa hasa?"

"Pilipili, leo umeamka na nini?" Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mikono. Vidole vyake vilikuwa vya joto. "Nikikutazama wewe kwenye kamera nasahau hata kupumua. Ndiyo maana labda natikisika. Kosa ni lako, umekuwa mzuri mno."

Nilimtazama machoni. Nilitafuta uongo nikaukosa. Wallahi, ningeuona ningeshukuru, kwa sababu mwongo unaweza kumpasulia ukweli mbele ya uso wake akaacha. Huyu alikuwa anaamini anachosema.

"Basi nipige moja sasa hivi," nikamwambia. "Mimi peke yangu."

"Hapa?" Akazungusha macho kwenye pazia jeupe, akakuna shingo. "Hapa pakavu. Twende kwenu kesho asubuhi, ule mwanga wa dirishani. Halafu mwambie Kimya asitoke. Picha ikiwa na mtu wa pili inakuwa na uhai."

Nikavuta mikono yangu taratibu.

"Nitamwambia," nikasema.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo nazishona mwenyewe.

Jua halijazama nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta. Nikafungua picha moja moja, nikajikata. Kuna zilizokuwa rahisi, ukingo unapita kando ya bega langu na ninatoweka. Kuna iliyonigomea, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umemgusa Kimya mgongoni, ikabidi nikate mpaka kwenye vidole, nikaacha ncha za kucha tu. Zile za mbali zilibaki ndogo sana, nikaziacha. Zilizotosha zikawa picha za msichana mmoja anayepiga pasi, anayeokota, anayetunga uzi akiwa amebana ulimi kwenye kona ya mdomo. Nilikuwa nikilia, lakini jicho la kazi halilii, na nilikiri kwamba ni picha nzuri. Alikuwa mzuri, mdogo wangu. Nimelala naye chumba kimoja maisha yangu yote na sikuwahi kumwona hivyo. Idhini yake ya kupigwa picha alishaisaini zamani, kwa sababu benki inataka sahihi ya kila uso, hata wa nyuma. Nikatuma.

Zilipita zote. Jibu lilikuja kesho yake tukiwa mezani, Mama akaninyang'anya simu asome kwa macho yake.

"Wamekubali!" Akapiga kigelegele, Mama yangu huyuhuyu, mpaka jirani akachungulia. "Wamekubali, wasiomjua! Haya, mimi neno langu ni moja. Mwambie alete wakubwa wake Jumapili."

Flashi nilipompigia alipiga ukelele nikatoa simu sikioni.

"Zipi zimepita?"

"Zote."

"Si nilikwambia? Si nilikwambia ni lenzi tu, siku nyingine inakubali! Nitumie nizione."

"Utaziona Jumapili," nikasema. "Kwenye televisheni, mbele ya wakubwa. Nataka uzione pale."

"Wewe mwanamke unajua kunitesa," akacheka.

Nilikuwa sijaanza. Sitasema kwamba nilikuwa na nia njema. Nilitaka aumbuke. Nilitaka picha zipite moja baada ya nyingine kila mtu ajionee, na yeye atafute pa kuuficha uso. Lakini chini ya hasira hiyo nilitaka kitu kimoja tu: azione, ashtuke, aniangalie mimi. Aseme jamani Pilipili, nilikuwa nafanya nini? Angesema hivyo ningemsamehe hapohapo. Ningewasamehe wote wawili, na picha ningezifuta.

Jumapili Mama alisukuma cherehani ukutani, akazifunika vitambaa, chumba cha kazi kikawa sebule. Kompyuta nikaiunga kwenye televisheni ambayo huwa tunawaonyeshea wateja mitindo. Kimya akabeba kiti chake akakipeleka nyuma, karibu na meza ya pasi, alipozoea.

"Leo kaa mbele," nikamwambia.

"Dada, mimi niko sawa huku."

"Kaa mbele nimesema."

Akanitazama. Ana macho makubwa, yule, na siku hiyo yalikuwa na maji kidogo, au niliyaona hivyo kwa sababu zangu. "Dada, nimekukosea nini?"

"Umenikosea?"

"Sijui. Wiki nzima hunisemeshi."

Angelia, angekana, angeniuliza tena, ningejua la kufanya. Lakini alikaa mbele kama nilivyomwambia, akaweka mikono magotini, akawa kimya.

Wageni walikuja wawili. Flashi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, na pamoja naye mjomba wake aliyemlea, mzee mnene mchangamfu, mstaafu wa udereva wa malori, ambaye anaishi mbali na hakuwahi kukanyaga kwetu. Akamsalimia Mama kwa heshima zote. Akasema kijana wao ni mtoto mzuri, hana baya, ila mama asitishike na nywele zake ndefu. Mama akacheka. Alikuwa amelainika, na nilimwona anamtazama Flashi kwa jicho la mtu anayekubali nguo iliyotengenezwa upya ikakaa.

"Haya," Mama akasema, "kabla hatujasema mengi, nataka nione hiyo kazi. Pilipili, tuonyeshe."

Nikabonyeza.

Kimya alijaa kioo kizima cha televisheni. Ameinamia pasi, uzi mwekundu kwenye nywele. Hakuna mtu mwingine.

Nikabonyeza. Kimya na kibweta cha vifungo. Nikabonyeza. Kimya anatunga uzi. Nikabonyeza taratibu, naipa kila moja nafasi yake. Mama alianza kutabasamu kwenye ya kwanza, kwenye ya tatu tabasamu likasimama, baada ya hapo akawa hatazami tena televisheni, ananitazama mimi. Kimya alikuwa ameinamisha kichwa, shingo imemwiva.

Mimi nilikuwa namtazama Flashi tu. Mara ya kwanza alikunja uso, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Kisha uso ukafunguka. Nilimwona anaelewa. Nilimwona waziwazi, mabega yanashuka, mdomo unaachia, kitu alichokuwa hakijui kinamfikia kutoka kwa mkono wake mwenyewe. Nikasubiri ageuze kichwa. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake, upande wake wa kulia, na gauni langu jipya.

Akasogea mbele kwenye kiti, akaitazama ile picha ya mwisho.

"Zimetoka vizuri," akasema kwa sauti ya chini, hakumwambia mtu.

Mjomba ndiye aliyevunja ukimya. Maskini ya Mungu, alikuwa na furaha ya kweli. Aliinuka kwa kuegemea magoti, akaenda mpaka kwa Kimya, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Kumbe ndiye wewe!" akasema. "Ndiye wewe uliyemnyima mwanangu usingizi! Mwaka mzima akinipigia simu ni wewe tu. Huniambia, ni mpole, mjomba, hasemi sana, ukimtazama roho inatulia. Nikawa nasema huyu kijana anatia chumvi. Sasa nimeona kwa macho yangu."

Kimya hakuinua kichwa. Mikono aliiacha ishikwe.

Nikamgeukia Flashi. Nilimpa nafasi. Kumsahihisha mzee wake ni maneno mawili tu, siye huyo, ni maneno ambayo hata mtoto anayaweza. Alifungua mdomo. Nikaona meno yake. Akaufunga, akatazama vidole vyake vilivyolala magotini.

Nikamtazama mdogo wangu. Na yeye nilimpa nafasi. Machozi yalikuwa yanamdondokea juu ya mikono ya mjomba, lakini neno hapana halikumtoka.

"Si ndiye huyu?" mjomba akauliza, ameanza kuona kwamba hakuna anayecheka naye.

"Ndiye, mjomba," nikasema mimi.

Mama alimtazama Flashi, akamtazama Kimya, akaitazama televisheni tena. Nilimwona anapima. Neno lake lilikuwa limetoka, kazi ilikuwa imekubaliwa na watu wasio na huruma, wakubwa walikuwa wameketi ndani ya nyumba yake, na binti alikuwa ni binti yake vilevile. Akanyoosha gauni lake magotini.

"Pilipili," akaniambia, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake tangu nizaliwe, "kawaletee wageni chai."

Nikainuka nikaenda kuchemsha maji.